Maombi Mabaya ya Merja Kosunen

Watu wengi wa mji wetu walio chini ya miaka arobaini walifundishwa kuogelea na Merja Kosunen, na karibu wote walimwogopa. Alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, filimbi shingoni, akawaambia watoto waache kulia kwa sababu bwawa lilikuwa na maji ya kutosha. Aliyekataa kuzamisha uso alizamishwa. Wazazi hawakulalamika. Mji wetu umezungukwa na ziwa pande tatu, na mtoto asiyejua kuogelea hapa ni mtoto anayesubiri kufa.

Aliingia katika jumba la kuogelea akiwa msichana na akabaki humo mpaka nywele zikawa na rangi ya chuma. Asubuhi aliwasimamia bibi wanaokimbia majini wamefungwa mikanda ya kuelea, wakisengenya wakwe zao. Mchana zilikuja shule, jioni wakaja wafanyakazi waliotoka zamu. Hakuolewa. Aliishi peke yake katika nyumba ya wazazi wake kando ya ziwa, na Jumapili alilala.

Kisha wafanyakazi wa jumba wakaanza kukohoa. Mafundi walibandua ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo, wakakuta umeota ukungu mweusi toka chini hadi juu. Kwetu majengo hufa hivyo, polepole, kutoka ndani. Halmashauri ikafunga jumba, ikawashukuru wafanyakazi kwa keki na kahawa, ikawaachisha kazi wote.

Asiye na kazi hulipwa na serikali, lakini kwa sharti: kila mwezi lazima atume maombi ya kazi na kuyaripoti ofisi ya ajira. Asipotuma, malipo yanakatwa. Hakuna anayejali kama kazi zenyewe zinakufaa. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi bwawani maisha yake yote huomba kuwa mhasibu, na fundi umeme huomba kusuka nywele. Tunayaita maombi ya sheria. Mwajiri anajua ni ya sheria, ofisi inajua, aliyeyatuma anajua. Inabidi tu yatumwe.

Merja aliyageuza kuwa mchezo. Kila Alhamisi, siku ya supu ya njegere, waliopoteza kazi walikutana kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, na yeye aliwasomea kutoka kwenye simu maombi aliyotuma wiki hiyo. Kinara wa meza alikuwa Raimo Tiihonen, fundi umeme aliyeachishwa na kiwanda cha mbao, mtu mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa.

"Soma basi, Merja, supu inapoa."

"Hili la benki," Merja alisema, uso mkavu. "'Naomba kazi ya kuhudumia wateja. Fedha za watu wengine zimenivutia tangu utotoni.'"

"Hiyo watakupigia simu!"

"Polisi ndio watakaonipigia. Sikilizeni la nyumba ya wazee. 'Nina uzoefu mrefu. Nimezamisha watu tangu ujana wangu, na wengi wao waliibuka.'"

Raimo alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. Alipopata pumzi akafuta machozi na kusema, "Mimi nimewaandikia kampuni ya umeme kwamba naogopa giza."

"Muongo wewe! Umewaandikia hivyo?"

"Na kwamba nikiona waya natetemeka."

Walicheka tena. Raimo hakuwa na haja ya kusoma kwenye simu kama Merja. Ya kwake aliyasema tu kwa mdomo, na yalichekesha vilevile.

Wakati huo halmashauri ilikuwa inajenga jumba jipya la kuogelea. Likiwa linakaribia kuezekwa, uendeshaji wake ukapewa kampuni moja ya Helsinki, na mwezi wa Machi tangazo likatoka: wanatafutwa wasimamizi wa bwawa. Merja alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka. Na alikuwa na sababu zaidi ya hamu. Malipo yake ya serikali yalikuwa yanafika ukingoni, na mshauri wake wa ofisi ya ajira alikwishamwambia kitakachofuata: kufunga vifurushi katika ghala moja huko Vantaa, kusini, kwa saa tano za gari moshi, akalale sebuleni kwa dada yake. Nyumba ya ziwani ingeuzwa. Kazi ya bwawa ndiyo pekee iliyoweza kumbakisha.

Alikuja maktaba, ambako nilikuwa nafanya kazi, nimsaidie kuandika wasifu wake. Alivua kofia akakaa kwenye kompyuta kama mtu aliyekuja kung'olewa jino.

"Hapa umeandika 'naogelea kiasi,'" nilimwambia.

"Si naogelea kiasi?"

"Merja, ulivuka ziwa lote."

"Wapo waliovuka wakarudi."

Nilimweleza kwamba wasifu hausomwi kwanza na mtu. Unasomwa na programu ya kompyuta, inayolinganisha maneno ya mwombaji na maneno ya tangazo, na anayepungukiwa hafiki kwa mtu. Mjini tuliiita Chujio. Tangazo lilisema "mwenye moyo wa kuhudumia mteja," kwa hiyo na sisi tukaandika hivyo.

"Moyo wa nini? Mimi nawapigia filimbi."

"Andika tu."

"'Mchangamfu,'" alisoma kwenye skrini, akanitazama. "Hii ukiisoma kwa sauti mbele ya watu wa hapa watadhani nimekufa na hii ni hotuba ya mazishi."

Lakini aliandika. Miaka yote ya kazi, vyeti vyote vya uokoaji, kila neno la tangazo mahali pake. Ulikuwa wasifu mzuri. Tulibonyeza kutuma, akasimama kuvaa koti, na kabla hajafunga zipu simu ikalia.

"'Tunakushukuru kwa nia yako,'" alisoma. "'Safari hii tumewachagua waombaji wengine.'" Aliitazama simu. "Wengine wapi? Si tangazo limetoka asubuhi hii?"

Tulidhani tumekosea kitu. Mshauri wa ajira alisema mashine haipendi majedwali, tukaondoa majedwali. Akasema haipendi picha, tukaondoa picha. Merja akatuma tena kwa nafasi ya pili, ya zamu za jioni, akakataliwa upesi uleule.

Meneja wa jumba jipya alikuwa Jonna Vepsäläinen, binti wa hapahapa, aliyezamishwa uso na Merja kama wenzake. Merja hakwenda ofisini kwake. Alimngoja kwenye sauna ya waogeleaji wa barafuni, pale tunapotoboa tundu ziwani kila majira ya baridi, kwa sababu alijua Jonna huja Jumanne. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la chini, na kwenye sauna hakuna anayekuambia utoke.

"Jonna."

"Merja, tafadhali usianze."

"Nimetaja jina lako tu."

Jonna alijipangusa jasho usoni. Walikuwa uchi wote wawili, bega kwa bega, kama watu wanavyokaa.

"Unanijua mimi?" Merja aliuliza.

"Nakujua."

"Najua kazi ile?"

"Kuliko mtu yeyote."

"Sasa?"

"Sasa sikuoni. Kompyuta inanionyesha majina kumi. Jina lako halimo."

"Si ufungue na yaliyobaki?"

"Merja." Jonna alishusha sauti. "Wasifu wako hauna kosa. Umepata alama nzuri kuliko wote. Lakini Chujio halisomi wasifu peke yake. Linatumiwa na kila mwajiri mkubwa wa mkoa huu. Benki, nyumba ya wazee, hospitali, kiwanda cha mikate. Na linakumbuka kila kitu ulichowatumia, halafu linapima kama ukiomba kazi huwa unaitaka kweli. Alama yako ya hapo ni sifuri. Tangu nianze sijaona mwingine mwenye sifuri."

Merja alimwagia jiko kata ya maji. Mawe ya jiko yalitoa mlio.

"Yale yalikuwa ya sheria," alisema mwishowe. "Kila mtu anajua."

"Liliambiwa lisome. Limesoma."

"Ilikuwa mizaha, Jonna!"

"Uliwaandikia nyumba ya wazee kwamba umezamisha watu tangu ujana."

"Si hata wewe nilikuzamisha!"

"Ulinizamisha, na maji yakaniingia puani, mpaka leo nakumbuka."

Nilidhani watacheka. Merja ndiye aliyeanza kutabasamu, akaona anatabasamu peke yake.

"Kisheria naweza kudai mtu anisome," alisema. "Mtu, siyo mashine."

"Mtu huyo ni mimi. Nikikutoa chini ya orodha lazima niandike sababu, na Helsinki watauliza kwa nini meneja mpya amemwokota mwenye sifuri, na kumbe ni mtu wa mji wake. Bado niko kwenye majaribio. Nina watoto wawili." Jonna alisimama, akachukua taulo. "Ukidai, nitakusoma. Halafu nitaandika hapana. Bora usidai."

Akatoka akaenda kwenye tundu la barafu. Tulimsikia akiingia majini bila kupiga kelele, vizuri kabisa, alivyofundishwa.

Alhamisi moja ya Mei Raimo aliingia mgahawani akiwa na sahani nzima ya maandazi ya mdalasini, akayaweka katikati ya meza.

"Kuleni. Leo nawaaga."

"Unakufa?" Merja aliuliza.

"Nimepata kazi. Jumba la kuogelea."

Watu walicheka, wakidhani ndio mzaha wa wiki. Raimo alibaki ameshika kofia.

"Kufunga nyaya?" Merja alisema.

"Kusimamia bwawa."

"Wewe? Raimo, wewe unaelea kama jiko la chuma."

"Kuna mtihani wa uokoaji mwezi wa Agosti. Nikifaulu ndio nathibitishwa. Mpaka Agosti nitakuwa nimejifunza."

"Chujio limekupitishaje? Na ile ya kuogopa giza? Na ya kutetemeka ukiona waya?"

Raimo alikoroga kahawa ambayo hakuwa ametia kitu.

"Zile nilikuwa nazisema hapa. Za kutuma nilikuwa naandika za kweli. Jonna anasema alama yangu ya kutaka kazi ndiyo ya juu."

"Zote?"

"Mtu anahitaji kazi, Merja. Nilidhani unajua. Tulikuwa tunacheka tu."

Meza yote ilipata kitu cha kutazama nje, kwenye pampu za mafuta. Merja alichukua andazi, akalila lote pole pole, akajifuta vidole. Raimo akamwinamia.

"Nilikuwa nataka kukuomba kitu. Nifundishe. Hakuna anayejua kama wewe."

"Sawa," Merja alisema.

"Kweli?"

"Ziwa likipata joto kidogo. Njoo na suruali ndefu, mtihani unafanywa mtu akiwa na nguo."

Baadaye aliniambia hesabu yake bila kuona haya. Raimo akianguka mtihani wa Agosti, Jonna atabakiwa na wiki chache kabla ya kufungua milango. Hapo hatakuwa na muda wa kuogopa Helsinki. Atashika simu ampigie yeye.

Mwezi wa Juni walianza, kwenye gati la nyumba ya Merja. Tukipita njia ya ziwani jioni tuliwaona: Merja amesimama juu ya mbao, mikono nyuma, na Raimo majini, midomo ya buluu.

"Tena."

"Nimechoka, Merja. Nakufa."

"Aliyezama chini naye amechoka. Tena."

"Maji ni baridi!"

"Ungebaki na nyaya. Tena, we gunia!"

Alimfanya apige mbizi kufuata tofali mpaka damu ikamtoka puani. Alimfanya aogelee na viatu. Siku moja Raimo alibanwa na misuli kule kwenye kina kirefu, akanyanyua mkono, na Merja akabaki amesimama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana ndipo akamtupia kamba. Lakini Raimo alijifunza. Hilo ndilo lililokuwa ajabu. Kufikia mwisho wa Julai mtu aliyekuwa jiko la chuma alikuwa akiogelea kwa nguvu na kwa utulivu, na kila jioni alimshukuru mwalimu wake na kumwachia samaki mlangoni.

Merja hakumfundisha kitu chochote kibaya. Aliacha kimoja tu. Katika mtihani unaokota sanamu la mpira chini ya bwawa na kulivuta hadi ukingoni, na njia nzima uso wa sanamu lazima uwe juu ya maji. Uso huo ukizama hata mara moja umeanguka, maana mtu wa kweli angekuwa amekufa. Merja alimfunza Raimo kuvuta gunia la mchanga. Gunia halina uso. Alilishika kifuani, akalivuta vizuri, Merja akamwambia, "Hivyohivyo."

Siku ya mtihani, huko Kuopio, Raimo alifika ukingoni mbele ya vijana wa miaka ishirini. Mtahini alikuwa tayari ameweka alama ya kuanguka, kwa sababu njia nzima sanamu lilikuwa linakunywa maji.

Alirudi jioni hiyohiyo, akasimama uani kwa Merja na nywele bado zina unyevu.

"Uso," alisema. "Hukuniambia habari ya uso."

Merja alikuwa anapasua kuni. Aliendelea.

"Kila mtu pale alijua. Watoto walijua! Ulijua, Merja."

"Nilidhani unajua," Merja alisema. "Tulikuwa tunacheka tu."

Raimo alimtazama sana, kisha akaitazama mikono yake iliyoshika shoka, akaondoka. Alhamisi hakuja, wala zilizofuata. Tulisikia amekwenda kaskazini kufunga nyaya kwenye mitambo ya upepo.

Asubuhi iliyofuata siku ya mtihani Merja alichana nywele, akaenda jumba jipya akiwa na vyeti vyake kwenye bahasha. Jonna alimkuta mlangoni.

"Nimesikia msimamizi wako ameanguka," Merja alisema.

"Nimeshampigia wa pili."

"Wa pili nani?"

"Wa pili kwenye majina kumi. Kijana wa Tampere. Ana vyeti vyote."

"Na yeye akikataa?"

"Yuko wa tatu." Jonna hakusema kwa ubaya. Alikuwa na funguo nyingi mkononi na simu inaita. "Merja, wako kumi."

Kijana wa Tampere alifika Septemba jumba lilipofunguliwa. Alivumilia mpaka giza la Oktoba lilipoanza kuingia mchana, akaaga. Wa tatu hakupokea simu. Wa nne alitaka kazi ya majira ya joto tu. Kila nafasi ilipotangazwa upya Merja aliomba, kwa maneno ya kweli, tukiwa wote wawili mbele ya kompyuta ya maktaba, na kila mara alishukuriwa kwa nia yake. Nyumba ya ziwani ilipata mnunuzi, familia ya Espoo iliyotaka mahali pa likizo. Vantaa walikuwa wakimngoja baada ya Krismasi.

Mara ya mwisho kumwona mbele ya jumba ilikuwa Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba. Alikuja kuogelea kama mteja, begi begani. Mlangoni palikuwa na wazazi na watoto wa darasa la kuogelea, wamejikunyata kwenye theluji ya maji, wakisoma karatasi iliyobandikwa kwenye kioo: bwawa limefungwa leo kwa kukosa msimamizi. Nyuma ya kioo maji yalikuwa yametulia, taa zote zinawaka.

Bibi mmoja aliyeleta mjukuu alimwona. "Jamani, si huyu hapa Merja! Jonna! Merja yuko hapa!"

Jonna, aliyekuwa ndani, alifungua mlango kidogo, akatoa kichwa. "Hajaajiriwa hapa," alisema. "Siwezi. Samahanini sana." Akafunga.

Mjukuu wa bibi yule alianza kulia. Karibu na Merja alisimama mama mmoja kijana, mgeni mjini, mume wake daktari aliyehamia hospitali yetu kiangazi. Alikuwa na mtoto mkononi na mwingine amemshika mguu, na baridi ilikuwa imemfika kwenye mifupa.

"Wewe unaijua kazi hii?" alimuuliza Merja.

"Kiasi," Merja alisema.

"Na huna kazi nyingine?"

"Sina."

"Sasa si uombe!" Mama yule alisema kwa nguvu, ili na wengine wasikie. "Watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa mtu, na watu wazima wenye afya zao wanakaa kungoja hela ya serikali. Ni kuandika barua moja tu. Inakushinda nini?"

Bibi alikuwa anamfunga mjukuu skafu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na taulo langu, nikatazama theluji.

"Umesema kweli," Merja alimwambia mama yule, na akahamishia begi lake bega la pili. "Nitaomba leo."